Kwenda Ujerumani kujitolea na watoto na vijana: hatua kwa hatua

Kwa kijana wa Afrika Mashariki anayetaka kufanya kazi na watoto ng'ambo bila shahada ya ualimu, Ujerumani ni mlango ulio wazi kuliko anavyodhani. Wajerumani wana utaratibu wa kisheria wa kujitolea, kwa kawaida mwaka mmoja, na mgeni anaruhusiwa kuingia humo: anapata mkataba, bima, posho ya kila mwezi na siku za semina, ambazo ni 25 kwa mwaka kwa asiyefikisha miaka 27. Vituo viko vya aina nyingi, kuanzia chekechea na shule za msingi zenye ulezi wa mchana hadi vituo vya vijana na shule za watoto wenye ulemavu.

Jambo moja ulijue kabla ya kujaza fomu yoyote. Hutakuwa mwalimu. Sheria inakataza mtu wa kujitolea kushika nafasi ya mwajiriwa, kwa hiyo hutaachiwa darasa peke yako wala hutatoa alama. Kazi yako ni yale yanayozunguka somo: kukaa kando ya mtoto anayehangaika na kusoma, kusimamia uwanja wakati wa mapumziko, kula nao mchana, kuwasaidia kazi za nyumbani, kuendesha kikundi cha michezo jioni. Wanaokwenda na picha ya ubao na chaki wanakata tamaa mwezi wa pili. Anayekubali kwamba amekwenda kuwa kaka au dada mkubwa anafika mbali zaidi, maana kijana wa miaka 14 humwambia mtu wa kucheza naye mpira wa meza mambo asiyomwambia mwalimu.

Njia ziko tatu

FSJ, yaani mwaka wa kijamii wa kujitolea, una sheria yake tangu 1964. Ni wa vijana ambao hawajafikisha miaka 27. Kawaida ni miezi 12. Hauwi chini ya 6, na ni nadra kuvuka 18.

BFD, yaani utumishi wa kujitolea wa serikali kuu, ulianza Julai 2011, baada ya Ujerumani kusimamisha jeshi la lazima. Kazi na masharti yanafanana na FSJ, ila hauna kikomo cha juu cha umri, na mkataba unapitia ofisi ya serikali kuu iitwayo BAFzA. Kama una miaka 30, njia yako ni hii.

Ya tatu ni weltwärts, mpango wa wizara ya maendeleo ya Ujerumani. Watu wengi huujua kwa vijana wa Kijerumani wanaokuja kwetu, lakini tangu 2013 kuna upande wa pili, Süd-Nord (Kusini-Kaskazini), unaowapeleka vijana wa huku kule. Umri ni miaka 18 hadi 28. Huombi Ujerumani moja kwa moja. Unapendekezwa na shirika la nchini mwako lenye ushirikiano na shirika la kule. Tiketi, viza na kozi ya lugha hubebwa na mpango. Nafasi ni chache, na shirika linalokupendekeza linatarajia urudi kufanya kazi nalo. Kama tayari unajitolea kwenye shirika lenye wageni wa Kijerumani, waulize viongozi wake kwanza kabla ya kuhangaika mtandaoni.

Katika FSJ na BFD kuna majina mawili utakayokutana nayo kila siku, na ukiyachanganya utatuma maombi mahali pasipofaa: Träger ni shirika linalobeba programu na semina (Diakonie, Caritas, AWO na Msalaba Mwekundu wa Kijerumani, DRK, ni miongoni mwao), na Einsatzstelle ni kituo chenyewe, mathalani shule utakayokwenda kila asubuhi. Mkataba unataka wote wawili.

Hesabu kalenda kutoka mwisho

Mikataba mingi huanza tarehe 1 Agosti au 1 Septemba, pamoja na mwaka wa shule. Tuseme unalenga Septemba. Basi lugha ianze Agosti au Septemba ya mwaka uliotangulia, maombi yatoke kati ya Oktoba na Januari, mkataba uwe mkononi kufikia Machi, na miadi ya ubalozi uitafute siku hiyohiyo unapopata mkataba. Ubalozini ndipo watu hukwama. Foleni ya viza za muda mrefu inaweza kula miezi, na kituo hakitakusubiri hadi Novemba. Nafasi hupewa mwingine.

Kuhusu lugha, usidanganywe na anayesema Kiingereza kinatosha. Mtoto wa miaka saba hakijui, na vituo vingi hutaka A2 au B1 (ngazi ya pili na ya tatu kati ya sita za lugha) kwenye karatasi. Mtu anayeanza sifuri huhitaji kama vipindi 200 hadi 350 vya dakika 45 kufika A2. Ukisoma vipindi 10 kwa wiki, hiyo ni miezi mitano kwa uchache. Goethe-Institut, taasisi ya lugha na utamaduni wa Kijerumani, iko Dar es Salaam na Nairobi, inafundisha na kutahini. Ukisoma kwingine kwa bei nafuu, mtihani bado unaweza kuufanyia hapo. Kufaulu ni alama 60 kwa 100. Kinachowaangusha wengi ni kusikiliza, kwa sababu wamesoma kwa kitabu. Sikiliza vipindi vya watoto vya Kijerumani kila siku nusu saa. Ndiyo lugha hasa utakayoikuta kazini.

Maombi na usaili

Wasifu uwe ukurasa mmoja au miwili, wenye miezi na miaka bila mapengo. Kama ulikaa nyumbani mwaka mzima baada ya kidato cha nne ukimsaidia mama dukani, andika hivyo hivyo. Pengo lisiloelezwa linatia shaka kuliko duka.

Barua ya kueleza nia ndiyo inayopoteza wengi. "Ninapenda sana watoto na ninataka kujifunza utamaduni mpya" wameshaisoma mara elfu. Andika idadi na matendo: watoto wangapi, umri gani, siku gani, ulifanya nini nao, nini kilishindikana. Aliyefundisha watoto 20 kila Jumamosi kwenye madrasa au shule ya Jumapili, au aliyekuwa kocha wa timu ya mtaa, ana mtaji mkubwa asioujua.

Usaili ni wa video, mara nyingi chini ya nusu saa, kwa Kijerumani. Jiandae kwa swali hili au ndugu yake: watoto wawili wanapigana uwanjani, utafanya nini? Jibu wanalolitafuta ni la hatua: nawatenganisha kwa sauti na kwa kusimama katikati, nahakikisha hakuna aliyeumia, nasikiliza kila mmoja kwa zamu, kisha namjulisha mlezi aliye zamu. Usiseme utamchapa hata kofi moja la upole. Tangu 2000 sheria ya Ujerumani inampa kila mtoto haki ya kulelewa bila kipigo, na hiyo inagusa pia kuvuta sikio, kupigisha magoti na kutukana. Sisi tuliokulia penye viboko tunahitaji kulizoeza hili kichwani kabla ya siku yenyewe, maana mkono huwahi kuliko akili.

Mkataba: soma kama unanunua kiwanja

Mkataba unaitwa Vereinbarung. Tafuta mambo haya, na yasipokuwemo uliza kwa maandishi:

1. Taschengeld, yaani posho. Sheria inaweka dari tu. Mwaka 2025 dari ilikuwa euro 644 kwa mwezi, na vituo vingi hulipa chini ya hapo.
2. Malazi na chakula. Je, wanatoa chumba, wanaongeza pesa ya pango, au hawatoi kitu? Hapa ndipo mwaka unapopona au kufa. Posho ya euro 450 mjini München bila chumba haikai, na ubalozi unajua, hivyo utaombwa uonyeshe utaishi kwa nini.
3. Bima. Ya afya, ajali, pensheni na nyinginezo za lazima hulipwa zote na upande wao. Ukiona unakatwa kwenye posho, kuna kasoro.
4. Saa za kazi, kwa kawaida kama 39 kwa wiki, na siku za likizo.
5. Jina la mtu wa kukuongoza kituoni. Mkataba usio na jina hilo mara nyingi ni dalili ya kituo kinachotafuta mikono ya kusafisha meza.

Utapeli upo. Anayekuomba pesa ili "akufungulie nafasi" muepuke. Yapo mashirika yanayotoza gharama za kushughulikia wageni, lakini ya kweli huandika bei hadharani, hutoa risiti na hukupa mkataba wenye sahihi zote. Ukipata barua, usipige namba iliyo kwenye barua hiyo. Tafuta tovuti ya Träger mwenyewe, chukua namba ya hapo, piga uulize kama jina lako limo.

Karatasi za nyumbani

Pasipoti iwe na muda wa kuvuka mwaka mzima wa mkataba. Cheti cha polisi: Kenya unakiomba kupitia eCitizen kwa shilingi 1,050 kisha unakwenda kutoa alama za vidole, Tanzania ni kwa jeshi la polisi, pia kwa alama za vidole. Usikichukue mapema mno, kwa kuwa wapokezi hutaka kipya.

Chanjo ya surua ndiyo inayosahaulika. Tangu Machi 2020 kila anayefanya kazi shuleni au chekechea Ujerumani, akiwa amezaliwa baada ya 1970, lazima athibitishe dozi mbili au kinga iliyothibitishwa na daktari. Kadi ya kliniki ya utotoni inafaa kama bado ipo, inasomeka na inaonyesha dozi zote mbili. Kama ililiwa na mchwa, chanja upya: dozi ya kwanza, ngoja wiki nne, dozi ya pili, kila moja na mhuri na tarehe kwenye kadi. Bila karatasi hiyo mkuu wa shule hawezi kukuruhusu kuanza, hata akikupenda vipi.

Ubalozini unaomba viza ya taifa, ile ya herufi D, kwa ada ya euro 75. Peleka mkataba halisi, cheti cha lugha, uthibitisho wa malazi, wasifu na barua ya nia, na fuata orodha ya ubalozi wa nchi yako neno kwa neno. Dirishani utaulizwa maswali mepesi kwa Kijerumani: unakwenda mji gani, utafanya kazi gani, watoto wana umri gani. Mtu mwenye cheti cha A2 asiyeweza kutaja mji wake anajitia matatani mwenyewe. Ukiulizwa mipango ya baadaye, sema kweli. Wapo wanaobaki kisheria kwa mafunzo ya ufundi baada ya mwaka, na hilo si kosa. Kosa ni kutoa maelezo matatu tofauti kwenye karatasi tatu.

Wiki mbili za kwanza

Ndani ya siku 14 tangu uhamie, jiandikishe makazi kwenye ofisi ya mji. Unahitaji pasipoti na karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba. Bila usajili hakuna namba ya kodi, na mambo mengi mengine yanasimama. Kisha fungua akaunti ya benki, na siku hiyohiyo omba miadi ya ofisi ya wageni, Ausländerbehörde, kwa ajili ya kibali cha ukaazi. Usingoje viza ikaribie kuisha. Ombi likitumwa kabla ya viza kwisha, unapewa karatasi ya kukushikilia. Likitumwa baada, uko nchini bila haki.

Barua ya ada ya redio na televisheni itakuja tu, hata kama huna televisheni: euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba. Ukiishi na wenzako au na familia, mmoja akilipa inatosha, ila lazima ujibu barua ukitoa namba yake. Barua za Kijerumani hazichoki. Ukizitia kwenye droo zinazaa faini.

Kazini

Saa mbili asubuhi maana yake umeshavua koti na uko mlangoni saa mbili kasoro dakika kumi. Ukiumwa, piga simu kabla ya zamu kuanza, siyo ujumbe wa saa nne. Uliza mapema ni siku ya ngapi wanataka cheti cha daktari.

Neno la kwanza la kujifunza ni Aufsichtspflicht, wajibu wa kuwaangalia watoto. Ukitoka nao, hesabu vichwa mlangoni, hesabu mkifika, hesabu kabla ya kurudi. Mtoto hukabidhiwa tu kwa mtu aliye kwenye orodha. Mjomba mwenye tabasamu asiyeandikwa anasubiri mpaka ofisi ipige simu. Usimpige picha mtoto yeyote kwa simu yako bila idhini ya maandishi ya mzazi, hata kwa kumtumia bibi yako Tanga. Usibadilishane namba na vijana isipokuwa kituo kina utaratibu wake. Na mtoto akikuambia jambo zito, kupigwa nyumbani au kuguswa vibaya, usimwahidi siri. Mwambie, "Nimefurahi umeniambia, na nitamwambia mtu mmoja anayeweza kusaidia," kisha mwone kiongozi wako siku hiyohiyo. Andika maneno aliyoyasema kama alivyoyasema, usimhoji zaidi.

Baada ya mwezi mmoja hivi utaulizwa kama unaweza kuanzisha kikundi chako. Kubali, lakini anza na kitu kisichodai Kijerumani kingi. Mchezo wa "nyama nyama" unafaa sana kuanzia miaka sita. Wafundishe maneno manane: ng'ombe, mbuzi, kuku, samaki, na kiti, meza, kiatu, dirisha. Ukiita mnyama wanaruka na kujibu "nyama!", ukiita kiti, anayeruka ametoka. Watauelewa kwa dakika mbili, kwani wana mchezo wao wa jamii hiyo, wa ndege wanaoruka. Nguruwe mwache nje ya orodha: darasani kuna watoto Waislamu, na mabishano ya kama aruke au asiruke yatakula kipindi.

Kwa wakubwa, kuanzia miaka minane, tengeneza bao. Makasha ya mayai ya Ujerumani mengi ni ya mayai kumi, mistari miwili ya mashimo matano. Chukua manne. Unganisha mawili kwa gundi yawe mistari miwili ya mashimo kumi, kata mashimo mawili kila mstari, ubaki na manane. Fanya hivyo tena, ubandike pande mbili pamoja: mistari minne ya mashimo manane, jumla 32. Kete ni maharage makavu 64. Usianze na namua, ile hatua ya kuingiza kete moja moja, itawachanganya. Anza na bao la kujifunza, kete mbili kila shimo, na wiki nzima cheza sheria moja tu ya kusambaza na kula. Anayeshinda anamfundisha anayefuata. Hapo ndipo utasikia wakieleza kwa Kijerumani sahihi kuliko chako, nawe unajifunza.

Kupika nako kunapendwa, lakini uliza kwanza. Anayegusa chakula cha watoto huhitaji maelekezo ya usafi kutoka idara ya afya, na kila kituo kina orodha ya mzio. Kashata za karanga zisikanyage mlangoni. Chapati ni salama zaidi, ingawa mwenye mzio wa ngano yupo pia. Kwa watoto 12: unga kilo 1, maji ya vuguvugu kama mililita 600, chumvi vijiko 2 vya chai, mafuta vijiko 4 vya chakula. Nunua unga ulioandikwa 550. Ule wa 405 ni wa keki, donge linakatika ukisukuma. Pumzisha donge nusu saa. Watoto wasukume, mtu mzima akaange.

Yanapoharibika

Malalamiko ya kawaida ni matatu. La kwanza, umefanywa mtumishi: mwezi mzima unafuta meza tu. Wiki sita za kwanza ni za majaribio kwa pande zote, kwa hiyo zungumza humo. Andika kwa wiki moja saa ulizofanya kazi na watoto na saa za usafi, peleka kwa kiongozi wako, na asiposikia peleka kwa Träger. Kuhamia kituo kingine kunawezekana, ila maliza na ofisi ya wageni kabla ya kuhama.

La pili ni upweke wa Novemba na Desemba, giza likiingia saa kumi na nusu jioni. Usingoje lifike. Jiunge na timu, kwaya au msikiti tangu Septemba, kungali na mwanga.

La tatu ni rangi. Mtoto wa miaka sita anayegusa nywele zako anauliza kwa mkono. Mjibu, na mwambie aombe kwanza. Kijana wa 15 anayekutukana kwa neno analolijua ni jambo lingine. Mwambie hapohapo kwamba hukubali, kisha ripoti kwa kiongozi siku hiyo, na lishughulikiwe kwa utaratibu wa kituo. Kunyamaza ili usionekane msumbufu hakukusaidii, na watoto wengine weusi wa kituo hicho wanakutazama.

Wiki sita kabla ya kumaliza, omba Zeugnis, hati ya kazi, yenye maelezo ya ulichofanya na namna ulivyokifanya. Ukishaondoka kila mtu ana shughuli zake. Taja mwenyewe vikundi ulivyoanzisha, umri wa watoto na idadi, ili viandikwe. Kama unarudi nyumbani, futa usajili wa makazi, peleka karatasi hiyo kwenye ada ya redio ili wasiendelee kukuhesabu, na iache akaunti ya benki wazi mpaka posho ya mwisho na dhamana ya chumba ziingie.